Mkono wa Mama Kibarazani

Kwa karibu mwaka mzima tulijua kwamba mama anasali. Tulikuwa tumevuka mpaka kutoka Butembo, tukaanza kuuza vitenge hapa Bwera, na kila alasiri yeye alikaa kibarazani, mkono wa kulia pajani, kidole gumba kikisugua cha shahada polepole kama anayepitisha shanga za rozari. Rozari yenyewe, shapele kama alivyoiita, ilikuwa ndani, msumarini. Nikasema moyoni, aliyezoea hahitaji shanga. Nilipokuwa na neno la kumwambia, nilinyata nikapita nalo. Majirani nao wakapunguza sauti, nami nikavimba kichwa kana kwamba ndimi ninayesali.

Alipoanza kushindwa kufunga vifungo, nilimpeleka hospitali Kasese. Daktari alimfunga kidoleni kifaa kidogo chenye waya, na kompyuta ikaanza kuchora.

"Mama, weka mukono hapo kwa goti. Usifanye kitu."

Hakufanya kitu. Vidole vikasugua, na mstari ukapanda na kushuka.

"Sasa ukisikia pii, fungua mukono, funga."

Pii, akafungua, akafunga. Pii, tena sawasawa, na kule kusugua kukatoweka. Niliona aibu, tumempotezea mtu muda bure. Kisha sauti ikazimwa, akaambiwa aendelee mwenyewe. Mkono ukafunguka kidogo, ukafunguka kidogo zaidi, ukakwama. Akapumzishwa, akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kuanzia mia, na ule mstari ukaruka kuliko mwanzo. Mkono gani huu, unaotulia kazini na kuhangaika ukipumzika?

"Hiyo ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo," daktari alisema. "Dawa iko." Akanieleza taratibu. Maneno niliyaelewa, mkono sikuuelewa.

"Dokta, huyu anasali," nilimkatalia, kwa ukali ambao haukunistahili.

Mama akanigeukia. "Miye nasali na shapele yangu, asubui na mangaribi. Ile ya kibaraza haikuwa sala. Ni mukono tu."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Ningeambia nani? Mulikuwa munapita kimya. Nilizani mulinichoka."

Nilikosa pa kuweka uso. Njia yote ya kurudi Bwera nilimsimulia habari za mwaka mzima, bila mpangilio, za sokoni, za majirani, za mvua, mpaka akatoa shapele yake pochini, akaniomba ninyamaze kidogo, sasa anataka kusali.