Siku Nne za Hewa Safi

Kazi yangu ni kupima hewa. Nikisema hivyo mtaani kwetu watu hucheka, wakaniuliza kama naipima kwa kilo au kwa pishi. Kwa kweli vinavyopima ni vifaa. Kila dakika tano kifaa kinavuta hewa kwa feni ndogo, kinahesabu vumbi laini lisiloonekana kwa macho, kinaandika namba. Kila saa kinazituma namba hizo kwa laini ya simu mpaka kwenye kompyuta ya ofisi yetu, Mji Mkongwe. Asubuhi mimi hufungua jedwali, nikatazama mistari inavyopanda na kushuka, nikaweka alama palipo na kasoro.

Tulianza na vituo vitatu. Kimoja juu ya paa la maduka Darajani. Kimoja Mangapwani, karibu na bahari, kwa ajili ya kulinganisha. Cha tatu tulitaka kikae pale watu wanapopika na kulala, na hivyo ndivyo nilivyofika Michenzani, ghorofa ya juu kabisa ya moja ya yale majumba marefu, kwa bibi mjane aliyekuwa akiishi peke yake.

Alinifungulia mlango akiwa na kanga mbili na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho ulichobeba ni nini, nyumba ya kunguru?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha roshani yake mwenyewe, mahali pasipomwagika maji ya kufulia. Hapo pia ndipo lilipokuwa seredani lake la makaa. Alikuwa na jiko la gesi alilonunuliwa na bintiye, lakini alilifunika kitambaa cha maua na kuweka juu yake redio. Chai ya gesi, alisema, haina ladha ya chai.

Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho aliniuliza, "Sasa hichi kinanitazama mimi?"

"Hakina macho, bibi. Lakini ukiwasha jiko, mimi nitaona ofisini."

"Kila nikiwasha?"

"Kila ukiwasha."

Nilisema vile kwa kujivuna kidogo. Nilikuwa mgeni kazini, na kifaa kile nilikifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza namba zilinishangaza. Kila siku, saa tisa na robo usiku, mstari wake ulipanda kama kilima, ukakaa juu kama nusu saa, ukashuka. Nikampigia simu kumuuliza anawasha moto wa nini saa tisa usiku. Alicheka mpaka akakohoa.

"Saa tisa usiku namwashia moto nani, majini? Mie nnawasha saa kumi na mbili na robo, nkishasali na kusoma nyiradi zangu."

Makosa yalikuwa yetu. Saa ya kifaa ilikuwa imewekwa kwa majira ya kimataifa, saa tatu nyuma ya yetu. Nikairekebisha, na tangu siku ile kilima kikahamia mahali pake, saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku zote. Alhamisi jioni kilikuja kingine, kirefu zaidi na chembamba. Huo ulikuwa udi. Alikuwa akifukiza nyumba nzima kuupokea usiku wa Ijumaa.

Nilikwenda kwake kila mwezi kusafisha kifaa. Tulikunywa chai pale roshani, mimi juu ya kigoda, yeye juu ya mkeka, na feni ya kile kiboksi ikivuma juu yetu kama nzi aliyefungiwa chupani. Alinisimulia jinsi walivyohamia humo yeye na mumewe nyumba zikiwa mpya, akaogopa kulala juu kiasi kile kwa wiki nzima. Sikuwahi kumwuliza mengi zaidi. Niliona muda upo.

Jumatano moja kilima cha asubuhi hakikuja.

Niliona. Nataka niseme hilo kwanza. Niliona Jumatano ile ile, nikapita. Watu hulala, watu husafiri. Alhamisi programu ya kompyuta ikaupaka mstari rangi ya manjano, maana yake kuna shaka, mtaalamu athibitishe. Miezi miwili kabla yake, kituo cha Mangapwani kilituletea mstari wa chini namna ile ile, na nilipokwenda nikakuta dondora, yule mdudu wa jamii ya nyigu, amejenga nyumba ya udongo ndani ya tundu la kuvutia hewa. Basi nikaandika kwenye safu ya maelezo: *Kifaa kina hitilafu. Huenda ni dondora.* Nikapanga niende Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ni nusu siku na nilikuwa na ripoti ya Darajani mkononi.

Alhamisi jioni hakukuwa na udi. Hilo sikuliona. Nilikuwa nshaupa mstari ule jina la ubovu, na kitu ukishakipa jina unaacha kukitazama.

Jumamosi asubuhi nilipanda ngazi na kifaa kipya mkobani. Nikabisha hodi mara tatu, nne. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli, wenyewe wamekwenda harusini Pemba. Nikashuka ghorofa ya chini yake, mama mmoja akanifungulia huku akikausha mikono.

"Bi mkubwa nadhani yuko kwa mwanawe Makunduchi," akaniambia. "Siku hizi simsikii."

Nikarudi juu. Sijui kwa nini nilirudi, ningeweza kuondoka. Nikaweka sikio mlangoni. Nikasikia feni ya kifaa chetu, kule roshani, ikivuma vizuri kabisa. Feni iliyozibwa na dondora haivumi vile. Halafu nikasikia kitu cha bati kikigonga sakafu. Kikagonga mara moja, kikanyamaza, kikagonga tena.

Nilipiga kelele. Wanaume wawili walipanda kutoka chini wakavunja mlango kwa bega.

Alikuwa amelala ubavu penye mlango wa choo, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikuwa ameanguka Jumatano alfajiri alipokuwa akienda kutawadha. Ndoo ya maji ilikuwa karibu naye, imebaki kidole kimoja cha maji, na kopo la bati lilikuwa mkononi mwake. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Kwa kopo lile alikuwa akigonga. Mama wa chini, alipoelewa, alikaa kwenye ngazi akajifunika uso kwa kanga. "Nilisikia," alisema. "Wallahi nilisikia. Nkadhani watu wanatwanga."

Hospitali aliishi siku tisa. Bintiye alikuja kutoka Makunduchi, mwanamke mrefu mkimya, mkulima wa mwani, na kila jioni baada ya kazi nilimkuta amekaa kitandani miguuni pa mama yake. Siku ya nne au ya tano sauti ilimrudia bibi kidogo. Aliniona nimesimama mlangoni, akanyanyua vidole.

"Sogea mwanangu."

Nikainama.

"Nilikuwa nakisikia kile kitu chako kinavuma," akasema. Alivuta pumzi kila baada ya neno. "Kutwa kucha. Nkajipa moyo. Nkasema, mwanangu ataona. Sijawasha jiko, yule ataona tu."

Hakusema kwa kunilaumu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsimulia mwenzake jambo lililompa faraja. Aliniuliza kama nshakula. Nikasema ndiyo. Nikatoka, nikasimama ukutani karibu na bomba la maji, na wanawake wawili waliokuwa wakisuuza vyombo wakanipisha.

Alifariki Jumatatu iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Nilihudhuria khitma nikakaa nyuma kabisa, karibu na viatu.

Mwisho wa mwezi tulikaa na mkuu wangu wa kazi kusafisha takwimu kabla ya kuzihifadhi. Alikuwa mtu mwema, na nilikuwa sijamsimulia lolote zaidi ya kwamba mwenye nyumba alifariki. Tulifika kwenye rangi ya manjano.

"Siku nne hizi uliandika hitilafu. Tunazifuta, sivyo?"

Nikaukuza mstari mpaka ukajaa kioo chote. Kwa mara ya kwanza niliutazama kama ilivyonipasa kuutazama Alhamisi ile. Haukuwa mstari uliokufa. Jioni ulipanda kidogo na moshi wa magari ya barabara ya Michenzani, usiku ukashuka, asubuhi ukatikisika na majiko ya ghorofa za chini. Kifaa kilikuwa kizima. Kilikuwa kikisema kweli kila dakika tano kwa siku nne: hapa hapakuwashwa moto. Hewa ya roshani ile haikuwahi kuwa safi kama siku zile.

"Tusizifute," nikasema. "Ni sahihi."

"Na maelezo yako?"

Nikayafuta maelezo yangu nikaandika mengine: *Kifaa kizima. Jiko halikuwashwa.* Mkuu akasoma, akanitazama usoni, akavua miwani yake. Hapo ndipo nilipomsimulia. Hakunigombeza. Alisema, "Hukujua," na nikatamani angenigombeza.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda Makunduchi kwa bintiye. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, nikayasahau yote mlangoni. Alikuwa uani anafungua kamba za mwani zilizokauka, vidole vyake vyeupe na vyenye mikunjo kwa chumvi. Nikamwambia kila kitu: kwamba nilimwambia mama yake nitaona, kwamba niliona, kwamba niliandika dondora.

Alifungua fundo moja, kisha jingine.

"Mie nilipiga simu Alhamisi mara mbili," akasema. "Haikupokewa. Nkasema chaji imekwisha, mama ndo tabia yake. Nkaenda zangu pwani." Aliitupa kamba kando. "Basi wewe shika lako, na mie nshike langu. Tusibebeane."

Akavuta kamba nyingine. Kisha akaniuliza kama ile mistari bado ninayo.

Nilikuwa na kompyuta mkobani. Tukaingia ndani kwenye kivuli, nikaifungua juu ya mkeka, nikamwonyesha wiki za kabla ya Jumatano ile, vilima vya asubuhi vimepangana kama vitanda vya bustani. Akavigusa kimoja kimoja.

"Chai," akasema.

"Chai."

"Na hichi kirefu?"

"Alhamisi. Udi."

Akatabasamu, mara ya kwanza na ya mwisho siku ile. Kidole chake kikaendelea kwenda kulia mpaka kikafika pale ambapo vilima viliisha na mstari ukawa tambarare.

"Hapa alikuwa hai," akasema, akionyesha kilima cha mwisho, Jumanne.

"Naam."

Kidole kikasogea juu ya tambarare. "Na hapa?"

Nilitaka nifunge kompyuta. "Hapa pia alikuwa hai."

Kikasogea tena, taratibu, siku nzima, na siku ya pili yake. "Na hapa?"

"Hapa pia."

Akauliza hivyo mpaka tukafika Jumamosi. Kisha akaondoka, akarudi na sinia la mihogo, tukala. Alinisindikiza mpaka barabarani na hatukutaja tena habari ile, wala hatujawahi kuitaja tangu siku hiyo, ingawa kila Idi hunipigia simu tukaulizana hali.

Nyumba ya Michenzani sasa ina wapangaji wengine, mume na mke vijana, wanapikia gesi. Waliomba kifaa kiondolewe kwa sababu ya kuvuma kwake, na nikakiondoa. Mimi bado nipo kazini. Vituo vimeongezeka, na mkuu husifu kwamba hakuna fundi anayefuatilia mistari yake kama mimi. Ramani yetu hupakwa kijani mahali penye hewa njema. Wageni wakija ofisini huifurahia kijani ile, wakanyoosha vidole, na mimi huangalia dirishani.

Mwaka uliopita tulimfungia kifaa mwalimu mstaafu huko Bububu, mzee anayepikia kuni chini ya kibanda. Moto wake haukuwa na saa maalumu. Siku moja hakuna kitu asubuhi, hakuna kitu mchana. Nikampigia, simu imezimwa. Haijafika saa nane mchana nilimuaga mkuu wangu, nikamwambia nakwenda kubadilisha betri.

Kibanda kilikuwa kitupu na jivu la jana limepoa. Niligonga mlango wa mbele na wa nyuma, nikachungulia kila dirisha nililolifikia, kisha nikakaa barazani kwake. Nilikaa hapo mpaka adhana ya alasiri. Baada ya sala niliona watu wakitoka msikitini, na yeye akiwa katikati yao na bakora yake, akizungumza na mwenzake. Aliponiona alisimama. Alinitazama mimi, akautazama mlango wake, kisha akaja haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

"Mwanangu," akasema, hata salamu hakusubiri, "nani kafa?"

"Hakuna, mwalimu," nikamwambia. "Shikamoo. Nimekuja kutazama kifaa."

"Marahaba. Mie leo nimefunga," akasema, akitafuta ufunguo mfukoni. "Kina nini kifaa?"

Nikasema hakina kitu, ni kizima. Akanifungulia mlango, nikaingia ndani nyuma yake.