Gunvor Hakukana

Mimi nilikuwa mfua nguo katika nyumba ya wazee hapa Myrfors, na Gunvor Lidman alikuwa mpishi. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumwona akigombana na mtu. Si kwamba alikuwa malaika. Aliogopa maneno tu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyekuomba radhi, na kama umevaa viatu vizito alikuuliza kama hujaumia.

Kwa hiyo watu waliposema kwamba Gunvor ndiye aliyetoa siri gazetini, mimi nilicheka. Baadaye sikucheka tena. Baadaye sana nikawa sijui nicheke au nilie, na mpaka leo nikiyafikiria mambo yale kichwa huniuma.

Siku moja ya vuli mkurugenzi wa manispaa alikuja na mhasibu wake, wakajifungia ofisini na Malena, mkuu wetu. Malena ni binti wa Solveig, na Solveig ni dada yake Gunvor. Usishangae, mji wetu ni mdogo, ukitupa jiwe utampiga binamu yako. Gunvor akatumwa kupeleka kahawa na maandazi ya mdalasini. Alipokuwa akimimina akasikia wanapanga kuondoa wauguzi wa usiku. Mzee akibonyeza kitufe alichofungwa mkononi, kengele ingelia katika ofisi ya kampuni moja, mji mwingine, mbali. Na wafanyakazi wasiambiwe mapema, wasije wakaleta kelele. Gunvor akamimina, akatoka, akarudi kwenye viazi vyake.

Baridi ilipokolea, wauguzi wa usiku wakiwa wameshaondolewa, mzee Helmer akaanguka kutoka kitandani akavunjika nyonga. Akabonyeza kitufe. Huko mbali kengele ikalia, sijui nani aliisikia. Sisi tulimkuta asubuhi sakafuni, amejikojolea, analia kama mtoto na kumwita mkewe aliyekwisha kufa.

Wiki hiyohiyo gazeti la mji likatoa habari yote. Si kuanguka kwa Helmer tu. Lilitoa hata yaliyosemwa mle ofisini, karibu neno kwa neno. Mwandishi alikuwa Tyra Sjödahl, mwanamke mfupi mwenye baiskeli nyekundu, aliyeishi jengo moja na Gunvor, ghorofa ya juu yake.

Saa ya kahawa Malena akaingia chumba cha wafanyakazi, mkurugenzi nyuma yake. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nataka kujua," akasema, "nani kati yenu amezungumza na gazeti?"

Sixten, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, akaweka kikombe mezani polepole.

"Malena, mwanangu, lifute swali hilo."

"Nimeuliza tu."

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Kuuliza."

Kwetu ni hivyo. Mtu anayefanya kazi ya umma ana haki ya kupeleka gazetini anayoyaona, na mkubwa wake haruhusiwi kumtafuta. Hata kuuliza "ni nani" ni kosa la jinai. Tunalijua hili kama tunavyojua kubadilisha matairi kabla ya theluji. Malena alilijua kuliko sisi, maana ndiye aliyetufundisha tulipoajiriwa. Basi kwa nini aliuliza, tena mbele ya watu wote? Nilidhani hasira imempofusha. Sixten akampeleka mbele ya sheria, na baada ya miezi akatozwa faini. Wapo waliosema mchimba kisima ameingia mwenyewe.

Swali likazimwa, lakini macho nani atayazima? Mle ofisini walikuwa wanne: mkurugenzi, mhasibu wake, Malena, na Gunvor na birika lake. Mkurugenzi na mhasibu wasingejichoma wenyewe. Malena alikuwa anamsaka mtoa habari mpaka kupigwa faini. Nani amebaki? Na tena anaishi chini ya mwandishi!

Ndipo ulipoanza mkanganyiko ambao sijauona mwingine mfano wake. Asubuhi Gunvor alikuta maua mlangoni pake, hayana jina. Jioni alikuta panya mfu mahali palepale. Binti wa mzee Helmer alimkumbatia katikati ya duka, akamwambia "asante" na kuondoka mbio. Muuza nyama, ambaye shemeji yake ni diwani, akawa hamwoni hata akisimama mbele yake. Wauguzi wa usiku waliporudishwa kazini, maana baada ya aibu ile walirudishwa, mmoja alimpigia Gunvor saluti ya kijeshi korido nzima ikitazama.

"Wananishukuru kwa nini?" akaniuliza jikoni. "Na wengine wananichukia kwa nini? Mimi nilimimina kahawa tu."

"Basi waambie si wewe."

"Nani ameniuliza? Hakuna anayeruhusiwa kuniuliza. Nianze tu kusema njiani, habari za asubuhi, si mimi?"



Angeyavumilia hayo yote kama si Solveig. Ndugu hawa wawili walikuwa kama chanda na pete. Kila vuli walioka pamoja mkate mwembamba katika nyumba ya tanuri, Gunvor akisukuma, Solveig akiangalia moto, wakisengenya mji mzima mpaka giza. Sasa Solveig alikuwa akisema kila mahali, na kinywa cha Solveig hakina kifuniko: "Mwanangu amepigwa faini kama mhalifu kwa ajili ya mama yake mdogo! Kikulacho ki nguoni mwako." Alivuka barabara akimwona Gunvor anakuja. Gunvor akaanza kukonda.

Nikamshika mkono nikampandisha ngazi hadi kwa Tyra. Nilikuwa na hasira, sikatai. Waandishi hawa, niliwaza, wanawasha moto halafu moshi wanatuachia sisi.

Tundu la barua kwenye mlango wa Tyra lilikuwa limezibwa kwa kipande cha ubao na misumari. Tulibisha. Akatuuliza majina kabla ya kufungua, na alipofungua nikaona zulia la mlangoni limeungua nusu.

"Fataki," akasema. "Mtu alizisukuma kupitia tundu la barua nikiwa naoga. Karibuni, viatu msivue, dirisha nalo limevunjwa, sakafu ina vipande vya vioo."

"Polisi wanasemaje?" nikauliza.

"Wanasema nifunge mlango."

Gunvor alisimama akishika mkoba wake kwa mikono miwili. Akamweleza taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani. "Tyra, mwenzangu, wewe unajua si mimi. Andika mstari mmoja tu. Mpishi hakuhusika. Nitampata tena dada yangu."

Macho ya Tyra yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa akilala usiku.

"Siwezi, Gunvor."

"Kwani ni uongo?"

"Hata hilo siwezi kulijibu. Nikisema leo si wewe, kesho atakuja mwingine aniombe vivyo hivyo, na keshokutwa mwingine. Atakayebaki ndiye. Nitakuwa nimemtaja bila kumtaja."

"Lakini mimi naumia!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti.

"Najua. Naumia kukuona. Kuna wenzangu nchi nyingine wanapigwa risasi kwa kazi hii, mimi nimechomewa zulia. Lakini siku nitakapomtoa mmoja, hakuna mtu Myrfors atakayenifungulia mdomo tena. Helmer mwingine ataanguka, na hakuna atakayejua."

"Maneno mazuri," nikamwambia, "mwenye kuyalipia ni huyu hapa."

"Ndiyo," Tyra akasema, akaanza kulia. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuja kugombana, nikajikuta nafagia vioo vya dirisha lake. Gunvor naye alichemsha maji ya kahawa katika jiko la mtu aliyekataa kumsaidia. Tuliposhuka ngazi nikamuuliza anaonaje, akasema hajui, kila akiliwaza linageuka.

Majira ya kuchipua Solveig alitimiza miaka sabini. Gunvor hakualikwa. Lakini alikuwa ameshaamua. Tyra asiseme, ila yeye Gunvor hakuapa kwa mtu. Mdomo ni wake. Angekwenda kusema mbele ya dada yake "si mimi", basi, yaishe. Akatengeneza ile keki ya mkate, mayai na kamba wa baharini anayoipenda Solveig, nikampeleka kwa gari langu. Njia nzima alikuwa akilirudia neno lile midomoni.

Nilisimama nyuma yake kibarazani. Ndani watu waliimba. Solveig akafungua mlango, amevaa gauni la bluu, akatazama keki, akamtazama ndugu yake.

"Mimi si manispaa," akasema. "Mimi naruhusiwa kuuliza. Niambie si wewe, Gunvor, uingie. Neno moja tu. Nitakuamini, Mungu ananiona, nitakuamini."

Machozi yalikuwa yanamlenga. Alikuwa anataka! Yeyote angeona alikuwa anataka.

Gunvor akafungua mdomo. Wakati huohuo Malena akatokea nyuma ya mama yake amebeba sahani, akasimama ghafla. Sahani zikawa zinagongana mikononi mwake, na uso ulikuwa mweupe kama maziwa. Nilidhani ni chuki. Gunvor alimtazama mtoto yule wa dada yake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akafumba mdomo.

"Siwezi kusema, dada."

"Huwezi au hutaki?"

"Heri ya siku ya kuzaliwa," Gunvor akasema, akaiweka keki sakafuni kibarazani. Mlango ukafungwa.

Garini nilimfokea mpaka darajani. Umepoteza akili? Si tulikubaliana? Alitazama mto, barafu ilikuwa inakatika. "Neno limenipotea," akasema. Nilimwita mjinga. Hakuomba radhi safari hii, na mimi nikaona ajabu.

Miaka tisa ikapita hivyo. Gunvor alistaafu, akaoka mikate yake peke yake na kuiunguza, maana mtu mmoja hawezi kusukuma na kuangalia tanuri. Solveig hakumsemesha. Malena alihama kazi, akawa mkuu wa shule ya mji wa jirani. Kila mwezi alikuja kwa Gunvor, akamkatia nyasi au kumzolea theluji. Hilo nalo lilinichanganya: mtoto wa mtu asiyekusemesha anakuzolea theluji? Nilimuuliza Gunvor. Akasema Malena ana mgongo wenye nguvu.

Moyo wa Gunvor ulisimama mwezi wa pili mwaka huu, akiwa amekaa kitini. Baada ya maziko tulikunywa kahawa ukumbini mwa kanisa, kama ilivyo kawaida. Mchungaji akauliza nani ana neno. Sixten akasema lake, mimi nikasema langu vibaya. Solveig alikuja pia, amekaa meza ya mbele, mgongo umenyooka kama fimbo. Malena akasimama.

"Mimi ndiye niliyezungumza na gazeti," akasema. "Habari ya Helmer. Niliuliza lile swali ili mkurugenzi asinishuku, na faini nikailipa nikiwa nimenyamaza. Niliogopa kazi, na niliogopa kwamba mama angeropoka. Mama mdogo alijua. Aliniona mlangoni siku ya sherehe ya mama, akajua. Mara moja tu tulizungumza. Aliniambia, kula, umekonda."

Hakuna aliyegusa kikombe. Mimi nilikuwa nimesimama na kipande cha keki mkononi na sikujua pa kukiweka.

Solveig hakumtazama binti yake. Aligeuka akamtafuta Tyra, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, nywele zimeshakuwa nyeupe.

"Na wewe ulijua ni mwanangu."

"Hilo siwezi kulijibu, Solveig," Tyra akasema.

"Amesema mwenyewe! Umemsikia!"

"Nimemsikia. Mimi siwezi kulijibu."

Nilitegemea Solveig atamrukia. Alibaki palepale kitini.

"Watu mmemtunzia mwanangu siri," akasema hatimaye. "Wewe ulichomewa nyumba, hukusema. Gunvor nilimfungia mlango, hakusema. Ni mimi peke yangu niliyetaka nipewe neno kwanza ndipo nimpende ndugu yangu."

Malena akamshika bega. Solveig akautoa mkono wa binti yake polepole, akachukua koti, akarudi peke yake makaburini.