Visu vya Baba Winnie

Asegelile, mkulima wa kakao wa Talatala, alipenda visu vya kukunja kuliko nguo. Chenye mpini wa pembe alikirithi kwa babu yake. Vingine alivipata kwa wavuvi wa Ikombe. Mkewe Beatrice alizoea kumnung'unikia kwamba visu haviliwi.

Siku mafuriko yalipoingia nyumbani, Asegelile alikuwa Kyela mjini. Alirudi mbio, akakuta kabati la visu limelala majini.

"Mama Winnie, visu vyangu!"

Beatrice alielekeza kidole juu, kwenye kenchi za paa. "Nilivipandisha kabla hata ya unga."

Asegelile alishusha kisanduku chenye visu, akakikunjua kisu cha babu. Ta! Kikavu kabisa.

"Ndaga fijo, mke wangu," alishukuru, akacheka mpaka machozi yakamtoka.