Rafiki yangu alimukimbia mama mukwe kwa heshima, Kariakoo nzima ikaona mwizi

Wakuu, salamu kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa ukitoka Kigoma. Haya niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini aniache tu.

Rafiki yetu Placide alikuwa anaoa Dar es Salaam. Binti anaitwa Neema, walijuana Kigoma kwenye biashara ya mawese. Mimi na Fiston tukavuka ziwa kumusindikiza. Ndoa njo ilikuwa Jumamosi, sisi tukafika mapema ili tuone muji.

Wakuu, muji ule!

Kalemie ukitembea kidogo tu umeshasalimia nusu ya watu unaowajua. Kule nilisalimia mpaka nikachoka, hakuna anayeitika.

Fiston alishinda shingo juu, anatazama maghorofa. Tulipofika baharini akachota maji akasukutua, kama tunavyofanya ziwani. Akatema, akakohoa, machozi yakamutoka. "Aka! Nani ametia chumvi humu?" Wauza samaki walicheka mpaka wakakaa chini.

Ilikuwa raha tupu. Sikujua kinachokuja.

Hapa lazima nieleze kitu, bila hicho hamutaelewa. Kwetu sisi na Placide, mwanaume na mama mukwe wake hawakutani ovyo. Mwanaume hamutazami mama usoni, hamupi mukono, hali chakula mbele yake. Akimuona njiani anatoka njiani, hata kama ni kuingia kwenye mihogo ya watu, mpaka ndoa ipite. Na mama wa kwetu akiona mukwe amekimbia anafurahi, anasema huyu amelelewa.

Mambo ya mahari yote yalifanywa na wajomba. Placide na mama Neema walijuana kwa picha tu.

Siku ya kuondoka, shangazi yake alimushika shati pale bandarini. "Placide, usituaibishe huko. Ukimuona yule mama, geuka."

Sasa tuko Kariakoo. Tumetoka kununua viatu vya ndoa, Placide amebana boksi kwapani. Watu ni wengi mpaka unapumua kwa zamu.

Mara nikasikia sauti ya mama, imejaa furaha. "Jamani, si mkwe wangu yule? Placide!"

Nikageuka. Mama Neema huyo, kikapu mukononi, anakuja mbio kumukumbatia mukwe wake.

Placide akamuona. Akageuka, akatimua mbio.

"Simama! Wewe, simama!" Mama naye nyuma yake.

Fikirieni wenyewe. Kijana anakimbia na boksi jipya kwapani, mama mutu muzima anamufukuza akipiga kelele, katikati ya Kariakoo! Muntu mumoja akasema mwizi. Wa pili akarudia. Halafu soko lote likawa linaimba neno hilo.

Walimupiga ngwala akaanguka. Nilipofika sikumuona tena, niliona migongo ya watu tu, na mikono inapanda na kushuka.

Nikapiga kelele: "Si mwizi! Ni bwana harusi!" Nani anisikie? Jamaa mumoja akanikamata kola, akaniuliza kama na mimi ni wa kundi lake. Wakuu, sitawadanganya, niliogopa. Fiston alikuwa analia kama mutoto. Nilianza kuwaza nitamuambia nini mama yake Placide nikirudi Kalemie bila yeye.

Mama Neema akatupa kikapu, nyanya zikatawanyika. Akaingia kati ya watu wale kwa viwiko, akamulalia Placide, mwili wake wote juu yake.

"Ni mwanangu! Mnampiga mwanangu! Nipigeni mimi kwanza!"

Fimbo ilikuwa imeshainuliwa. Ikamupata yeye, mukononi.

Hapo njo wakashusha mikono. Wakaanza kupotea mumoja mumoja, na boksi la viatu likapotea nao. Hao hao waliokuwa wanapiga mwizi!

Tukawakimbiza kwenye zahanati ya karibu. Placide akashonwa kichwa, jicho moja limeziba kabisa. Mama akafungwa bendeji mukono. Halafu akaja kusimama mbele ya kitanda.

"Mwanangu, nimekukosea nini hata unikimbie mbele za watu?"

Placide akageuza uso ukutani. Hata pale!

Mama machozi yakaanza kumutoka. Akaniangalia mimi. "Kama hamtaki binti yangu aseme tu. Nikawaambie wageni wasije."

Ee Mungu wangu, ndoa inakufa hivi naiona. Nikamuomba mama anisikilize, nikamuelezea yote, toka maneno ya shangazi bandarini.

Mama akafuta machozi. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo alikuwa ananiheshimu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi namfukuza. Nusura nimuue mtoto wa watu kwa kumwita jina."

Nilidhani ataondoka. Akavuta kiti mpaka kando ya kitanda, akakaa akimupa Placide mugongo, uso wake mulangoni.

"Mwambie simtazami. Alale tu. Lakini siondoki hapa."

Placide akageuka taratibu. Akautazama ule mugongo, akaanza kulia kwa sauti. Mama naye akalia, bila kugeuka. Mimi na Fiston tukatoka nje, hatukuweza kuvumilia.

Jumamosi ndoa ilifungwa. Bwana harusi jicho limevimba, amevaa viatu vya Fiston vinavyomubana. Mama Neema alicheza na bendeji yake.

Nilichojifunza: tulizungumza mahari, tukazungumza nguo, tukazungumza mpaka pombe. Hiki kimoja hakuna aliyekitaja, sababu kwetu hakuna muntu asiyekijua. Ukienda kuoa ugenini, sema hata vile unavyoona havina haja ya kusemwa. Na wewe mwenye mudomo mwepesi wa kuita watu mwizi, siku moja uulize kwanza.

Sasa zamu yenu, wakuu. Ni mila gani ya kwenu ambayo mugeni hawezi kuijua mpaka imuumize? Iandikeni hapa chini, labda kuna muntu anasafiri kesho.