Friza Iliyooshwa Ijumaa

Kingamwili niliyoiagiza ng'ambo kwa utafiti wangu ilikaa safarini miezi minne, na ilipofika Kakamega ilikuwa kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta kimeng'enya fulani kinachopitisha ujumbe ndani ya seli, na kukishika pale kinapokuwa kazini. Nilitaka kujua kama mukombero, ule mzizi tunaoutafuna hapa tangu utotoni, hukiamsha. Miaka miwili ya shahada yangu ya uzamili ilingojea jibu hilo. Nikaweka kichupa kwenye friza ya maabara, maana joto huiharibu dawa hiyo, nikaenda Malinya kwenye matanga.

Jumatatu nilikuta friza inang'aa. Mama anayetusafishia maabara alinipokea kwa furaha.

"Dakta, hiyo friji ilikuwa na barafu mingi sana. Nikazima Ijumaa, nikaosha na sabuni. Hata ya kwangu mimi huoshanga hivyo. Vitu zako niliweka kwa dirisha, hakuna yenye ilipotea."

Kweli, hakuna kilichopotea. Kichupa kilikuwa dirishani, kimeota jua siku tatu. Hasira zilinipanda, nikakosa pa kuzipeleka. Nani hapa hajui kwamba friza ikijaa barafu huzimwa ikaoshwa? Mimi, msomi mzima, sikubandika hata karatasi ya kukataza. Nikamwambia asante.

Kipimo nilikifanya hivyo hivyo. Utando, ile karatasi ya kusomea majibu, ulitoka mweupe, hata pale ambapo alama ilipaswa kuonekana kwa vyovyote vile. Yaani kingamwili ilikuwa imekufa, na kuhusu mukombero sikujua lolote. Kichupa kingine hakingekuja. Nikiandika kwamba friza ilizimwa, wasimamizi wangeuliza nani aliizima, na vibarua wa pale hufukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Katika tasnifu nikaandika tu kwamba kimeng'enya hakikuonekana. Picha ya utando sikuiambatisha, na hakuna aliyeiuliza. Nikafuzu, huku nikijionea aibu.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja kutoka Butali aliniandikia. Alikuwa amepanga kuuchunguza mukombero, akasoma kazi yangu, akaachana nao. Sasa amechagua mada nyingine. Ananishukuru kwa kumwepusha na kazi ya bure.

Mama yule bado anafagia maabara ile ile. Siku tatu nilianza kumjibu mwanafunzi yule kwa ukweli, nikafuta, nikilia kama mtoto. Mwishowe nikamwandikia: karibu.