Filimbi ya Upande wa Kushoto

Shemeji yangu wa Bungoma, mdogo wake mume wangu, huuza vyombo vya muziki, na hauzi chombo cha bei kali kabla mimi sijakisikiliza. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kitale. Wateja wake huambiwa, "Hii imepita kwa sikio ya shemeji yangu," nao hununua. Huwa najifanya nimechoshwa na sifa hizo, lakini nazipenda sana.

Safari hii aliniletea kigeuzi. Ni kisanduku kizito cha chuma, hakina mbwembwe, na kazi yake ni moja tu. Muziki ulio kwenye kompyuta ni namba tupu, nacho huzipandisha namba hizo kwenye ngazi ya rezista, vipande vidogo vya kuzuia umeme vilivyopimwa kimoja kimoja vikalingana, hadi zitoke zikiwa sauti. Kuna ngazi ya upande wa kulia na ngazi ya kushoto.

"Rezista moja ikiwa mbaya utasikia tu," shemeji alisema akikiweka mezani. "Kuna mteja wa Kabuchai anakingoja. Sikiriza vizuri, shemeji. Usinihurumie."

Nilikiacha kipate moto asubuhi nzima, maana vyombo vya aina hii havisikilizwi vikiwa baridi. Kisha nikangoja jirani azime kinu chake cha unga aende kula.

Nilianza na litungu, kinubi cha Wabukusu, rekodi tuliyoichukua kwenye harusi ya kwao mume wangu. Jamani, nyuzi zilikuwa pale pale sebuleni. Nilisikia kidole kikigusa uzi, nikasikia mpigaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nimeisikiliza rekodi ile miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba mtu yule alikuwa na mafua. Nilicheka peke yangu.

Nyuzi zikafifia, na nyuma yake nikasikia filimbi. Ilikuwa nyembamba, ya mbali, upande wa kushoto tu.

Nikarudia wimbo. Ipo. Nikaweka kwaya yangu, pale tunapoimba taratibu. Ipo. Mimi ni mwepesi wa hasira, kwa hiyo nilimpigia shemeji simu kabla ya kufikiri, nikamwambia ameuziwa takataka, ngazi ya kushoto ina rezista mbovu.

"Ati nini? Una uhakika, shemeji?"

"Umewahi kunisikia nikikosea?"

"Basi nakuja kukichukua. Nitawarudishia wenyewe."

Nilipokuwa nikimngoja, ndipo nikafanya jambo ambalo hufanywa kwanza. Nilibadilisha nyaya, ya kulia nikaichomeka kushoto na ya kushoto kulia. Kama ubovu ulikuwa wa kigeuzi, filimbi ingehamia kulia. Haikuhama. Basi ni spika, nikajiambia, nikazikokota kwenye zulia na kuzibadilisha mahali. Filimbi ikabaki kushoto.

Nilijua kipimo kilichobaki, na sikukitaka. Nilikwenda jikoni nikachemsha chai ambayo sikuinywa. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Niliwasha redio kwa sauti ya juu, kwa sababu sikutaka kukaa kimya na sikio langu. Niliwafikiria soprano wangu, ambao husimama mkono wangu wa kushoto. Tangu mvua zianze nilikuwa nikiwagombeza. "Mbona hamsikiki? Mmekuja kulala hapa?" Walikuwa wakitazamana tu, nami nikadhani ni kiburi.

Shemeji alifika akiwa na boksi la kubebea kigeuzi. Nikamwekea litungu.

"Iko wapi hiyo firimbi?" akauliza.

"Si hiyo hapo, kushoto."

Aliinama akaweka sikio karibu na spika. Akakaa hivyo kwa muda, kisha akaanza kujikuna shingo. Nilijua anaogopa kunipinga.

"Mimi sisikii kitu, shemeji. Naona iko safi, bana."

Nikasimama, nikageuza kiti changu, nikakaa nikizipa spika mgongo. Sasa spika ya kushoto ilikuwa upande wa sikio langu la kulia. Lakini filimbi iligeuka pamoja nami. Ilibaki kushoto kwangu, imetulia. Nikamwambia azime kila kitu, naye akazima. Chumba kikawa kimya na filimbi ikaendelea.

"Kigeuzi ni kizima," nikasema bila kugeuka. "Mpelekee mtu wako wa Kabuchai."

"Na ile firimbi?"

"Iko ndani ya sikio langu. Naogopa, shemeji."

Aliliweka boksi chini, akavuta kiti kingine, akaja kukaa mbele yangu.

"Bro anajua?"

"Bado."

"Basi nangoja arudi. Tutamwambia sote."

Nimepewa siku ya kuonana na daktari wa masikio, na bado haijafika. Usiku nalalia sikio hilo, kana kwamba mto utalinyamazisha.

Jumamosi, kabla ya mazoezi, niliwaomba soprano wahamie mkono wangu wa kulia. Walihama bila kuuliza sababu. Nikainua mikono, wakaanza, na walikuwa wakiimba kwa sauti kubwa, nzuri, iliyojaa kanisa zima, kama ambavyo bila shaka walikuwa wakiimba siku zote.