Asubuhi Programu ya Benki Iliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua mlango. Makao makuu ya benki yalikuwa katikati ya jiji la Nairobi, nami nilikuwa msichana kutoka Vihiga, sioni tangu utotoni, nina cheti cha kuendesha simu na viatu vya kuazima. Meneja wa Wafanyakazi alinishika kiwiko kama mtu aliyebeba yai, akanipeleka chumba cha swichibodi, ule mtambo uliopokea simu zote za nje na kuziunganisha na ofisi za ndani.

“Truphosa, tutakujaribu kwanza,” akaniambia. “Ukichanganya laini za wakurugenzi, mimi sitaweza kukutetea.”

Vijana mnaoingia kazini leo huenda hamjawahi kusikia swichibodi ikilia. Wenzangu wanaoona waliangalia taa. Upande wangu taa ziliondolewa, pakawekwa vipini vidogo vilivyoinuka chini ya kidole kila laini ilipoita. Aliyenifundisha ni Msimamizi wa Simu, mama mkali mzaliwa wa Dagoretti.

“Sauti yako ndiyo mlango wa benki,” alikuwa akisema. “Mteja akisikia inatetemeka, atadhani pesa zake nazo zinatetemeka.”

Basi nikajifunza kuiondoa hofu kooni. Haikwenda mbali. Ilishuka tumboni, na huko ikakaa miaka yote ya kazi.

Baadaye ukaja mtambo wa kujiendesha, ule wa “kwa salio bonyeza moja”, na swichibodi ikang’olewa. Wenzangu kadhaa wasioona walirudishwa nyumbani, nami nikawa nangoja zamu yangu kila mwisho wa mwezi. Zamu haikuja. Nilihamishiwa kituo cha simu za wateja, na programu ya benki ya kwenye simu ya mkononi ilipoanza, nikapelekwa ofisi mpya Westlands, kwenye jengo refu lenye lifti isiyotaja ghorofa.

Cheo changu huko kilikuwa mpimaji wa ufikivu. Maana yake ni kwamba kabla toleo jipya la programu halijatolewa, nililipitia kwa kisoma skrini, ile sauti ndani ya simu inayomsomea asiyeona kila anachogusa. Kama mwundaji ameandika jina la kitufe, sauti husema “Tuma pesa.” Kama hakuandika, husema “kitufe” tu, kisha “kitufe” tena, na mteja hajui anabonyeza nini. Siku zisizo na toleo la kupima nilipokea simu za wateja wasioona. Mama mmoja wa Kileleshwa aliniambia kwamba maisha yake yote alikuwa akisomewa salio na watu wengine. Siku aliyolisikia mwenyewe, kwa sikio lake, alilia kwenye laini, nami nikamngoja hadi akamaliza.

Sasa niwaeleze asubuhi ambayo sijaisahau.

Niliamka nyumbani kwangu Kangemi nikakuta programu imejisasisha yenyewe. Nikaifungua. Ukurasa wa kwanza ulisomeka vizuri. Nilipofika pa kuweka nambari ya siri, simu ikanyamaza. Nikapapasa kioo chote, juu hadi chini. Kimya. Toleo hilo hakuna aliyenipa nilipime.

Nilifika ofisini, nikaingia moja kwa moja kwa Mkuu wa Huduma za Kidijitali, mwanamke wa umri wa binti yangu, mwenye kusema haraka.

“Mama Truphosa, ni mambo ya usalama,” akasema kabla sijamsalimia. “Wezi wamekuwa wakiweka programu za kijasusi kwenye simu za wateja na kusoma nambari zao za siri. Ilibidi tuharakishe. Hiyo kibodi mpya inachanganya tarakimu kila mara, na hakuna programu nyingine inayoweza kuiona.”

“Kisoma skrini nacho ni programu nyingine, madam.”

Nikasikia kalamu yake ikiacha kugonga meza.

“Woi,” akasema polepole. “Hiyo hatukuifikiria.” Akavuta pumzi. “Lakini nikirudisha ile ya zamani sasa hivi, wezi wanaingia leo leo. Nipe muda niongee na Mkuu wa Usalama.”

Muda ndio sikuwa nao. Kwenye dawati langu simu zilikuwa zinagongana. Wa kwanza niliyempokea alikuwa Bwana Kamau.

Nilimfahamu kwa sauti. Alikuwa fundi wa piano, asiyeona kama mimi, anayezunguka makanisa na yale majumba makubwa ya mtaa wa Karen akirekebisha nyuzi. Kwa kawaida alipiga akitania. Siku hiyo hakutania.

“Madam, niko hospitali hapa tao, katikati ya jiji. Bibi yangu ameingia leba mapema, damu inatoka, wanasema apasuliwe sasa hivi. Keshia anataka dipositi kwanza. Hii app yenu imenyamaza!”

“Kadi unayo?”

“Ninayo, lakini mashine yao ni kioo kitupu, haina vitufe. Siwezi kuona pa kubonyeza pin.” Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume: “Mzee, leta simu nikusaidie, niambie tu hiyo nambari.” Kamau akarudi kwangu, sauti imepanda. “Kuna mtu hapa anataka kunisaidia. Simjui. Nimpe?”

Nyinyi mtakaofanya kazi hii, jueni kwamba swali hilo halina jibu kwenye mafunzo. Kanuni ilinikataza kuuliza nambari ya siri ya mteja na kumfanyia malipo. Kanuni hiyo hiyo ilimkataza yeye kumpa mtu yeyote. Na mke wake alikuwa anavuja damu nyuma ya mlango fulani wakati sisi wawili tunafikiria kanuni.

“Usimpe,” nikasema. “Unanipigia na simu gani?”

“Na kabambe.” Hiyo ni simu ndogo ya vitufe, isiyo na kisoma skrini. Ile kubwa ilikuwa mkono wa pili.

“Weka kabambe sikio moja, spika ya masikio ya ile kubwa sikio lingine. Tunapita njia ya nyota na reli.”

Njia hiyo ni ile menyu ya zamani ya maandishi, unayoiita kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli, yaani alama ya #. Wasioona wengi waliikimbia kwa sababu menyu hujifunga ikichelewa kujibiwa, na kisoma skrini husoma mistari yote polepole. Hujamaliza kusikiliza, imekutupa nje.

“Usiisubiri isome,” nikamwambia. “Mimi menyu naijua. Nitakuambia cha kubonyeza, wewe bonyeza na utume. Ikifika pa nambari ya siri nitanyamaza. Usiitamke.”

Keshia akamtajia nambari ya malipo ya hospitali, nami nikaisikia, tukaanza. Nilimtajia tarakimu moja moja, naye akajibu “ndiyo” kila alipotuma. Tulikuwa tumefika karibu na mwisho nikasikia anapiga kelele, “Imenitoa! Madam, imenitoa!” Kando yake mwanamume yule bado anasema, “Si unipe tu, mzee?” Na mbali zaidi, magurudumu ya kitanda kinachosukumwa.

Sauti yangu ilitaka kutetemeka. Niliikaza. “Kamau, nisikilize mimi peke yangu. Tunarudia. Mikono yako imezoea kazi nyeti kuliko hii.”

Wakati huo mtu aliketi kando yangu, akavaa vifaa vya masikio vya pili na kuanza kupokea simu zilizokuwa zimejipanga nyuma ya ile yangu. Alikuwa Mkuu wa Huduma za Kidijitali mwenyewe. Hakuniuliza chochote.

Tukarudia. Nilipofika pa nambari ya siri nikanyamaza, na nadhani sijawahi kunyamaza hivyo tena. Nilisikia pumzi zake. Kisha nikasikia ujumbe ukiingia kwenye simu yake, na kimya cha mtu anayesikiliza.

“Imeenda,” akasema. “Imeenda, madam,” na laini ikakatika.

Saa zilizofuata niliongea na wateja wengi, lakini akili yangu ilikuwa kwenye korido ile. Kila simu ilipolia nilitumaini ni yeye, na niliogopa ni yeye. Chakula cha mchana kilinishinda. Alipiga jioni, wakati ofisi inaanza kutoka. Mke alikuwa hai, amechoka sana. Mtoto alikuwa kwenye mashine ya joto, na madaktari walikuwa hawajaahidi kitu. Ilichukua majuma kabla hajaniambia kwamba wamempeleka nyumbani, na kwamba wamemwita Imani.

Kibodi ile haikuondolewa. Mkuu wa Usalama alikuwa na sababu zake, na nilipomsikiliza niliona ana haki ya kuhofia wezi. Yeye na vijana wake ndio waliopata njia: kisoma skrini kikiwa kimewashwa na spika za masikio zimechomekwa, kibodi ilipanga tarakimu kwa utaratibu na kuzisema sikioni. Kuipata kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka. Siku hizo zote nilikuja kazini nikiomba asitokee Kamau mwingine. Tangu hapo, hakuna toleo lililotoka bila kupitia dawati langu.

Nilistaafu mwaka jana. Waliniagizia keki, Mkuu wa Huduma za Kidijitali akatoa hotuba fupi akashindwa kuimaliza. Sasa mimi ni mteja kama wengine, na simu ikitangaza toleo jipya bado tumbo hukaza. Sidhani litaacha. Nawaambia mnaobaki kwamba tumbo likikaza kidogo ni sawa. Atakayebonyeza bila kuwaza ndiye wa kuogopwa.

Majuzi nilienda tawini, Westlands, kubadilisha nambari yangu ya simu. Msichana wa kaunta aliniita nyanya kwa lugha ya vijana: “Shosh, umekuja na nani?” Nikamwambia nimekuja mwenyewe. Nilisubiri aende kumwita msimamizi, kama wengine wanavyofanya. Hakuenda. Alinisomea mimi mwenyewe kila kitu, akaniongoza kidole pa kutia sahihi. Tulipomaliza hakunipa kitambulisho changu mara moja. Aliinama karibu, akanong’ona kama mtu anayeuliza habari ya ugonjwa wa aibu.

“Mamangu ana presha ya macho. Yanaisha. Simu ameniachia mimi, ananiambia nimshikie pesa zake tu, yeye hawezi tena.” Akasogea karibu zaidi. “Sitaki kumshikia. Nianzie wapi?”

Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna. Nikatoa simu yangu mkobani, nikaondoa spika za masikio ili naye asikie, nikaiweka juu ya kaunta kati yetu.

“Leta kidole chako,” nikamwambia. “Kwanza ufunge macho.”